Kipande cha Saba

Niliiba kipande cha saba siku ya Alhamisi, saa sita na nusu mchana, Fundi akiwa amekwenda kula. Nataja saa kamili kwa sababu hapakuwa na mtu rahisi kuibiwa Mabatini nzima kama Fundi. Kila siku ya Mungu, ikifika saa sita na nusu, hata kama mteja kavua kiatu kimoja na mguu uko hewani, Fundi aliweka sindano chini, akafunika sanduku kwa gunia, akaenda zake kwa mama ntilie. Saa saba na nusu karudi. Ningekuwa mwizi wa kweli ningehamisha kibanda kizima na kivuli chake.

Tena sikuiba kwa njaa ya kusoma, nisijipake sukari. Niliiba ili Koku asiujue mwisho kabla yangu.

Basi, hilo nimeshalitapika. Sasa niwaambie huyu Fundi alikuwa mtu gani, mjue nilimwibia nani.

Alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, mkabala na mashine ya kusaga, na kwa hiyo Fundi, viatu vyake na vitabu vyake vyote vilikuwa vyeupe kwa unga kuanzia saa nne asubuhi. Upande wa kushoto alipanga viatu. Upande wa kulia alipanga vitabu. Ukipeleka kiatu kushonwa unakuta mtu mzima amekaa katikati, miwani imefungwa kwa uzi wa kushonea soli, anasoma, na wewe unasubiri amalize ukurasa. Wateja wengine walikasirika. Mmoja alimwuliza, "Fundi, wewe unashona viatu au unasoma?" Fundi akamjibu bila kuinua kichwa, "Wewe umekuja na kiatu au umekuja na swali?"

Vitabu alivishona kama viatu. Alivipata kwenye marobota ya mitumba, vingine aliletewa vimechanika, vingine aliviokota shule zilipokuwa zikisafisha stoo. Alivitoboa, akavipitisha uzi mweusi uliotiwa nta, akavivisha majalada ya ngozi ya viatu vilivyokufa. Kulikuwa na kitabu cha historia chenye jalada la buti la polisi. Sisi tulisema ukilala katikati ya sura ya tatu kitakukamata. Na kanisani, mimi mwenyewe nilimwona kwa macho yangu, alikaa benchi la nyuma na kitabu cha nyimbo ambacho ndani yake hakikuwa na wimbo hata mmoja. Alikuwa amevua jalada la nyimbo akalivisha hadithi. Waumini wakisimama kuimba naye alisimama, akafungua mdomo, huku macho yanakimbia mistari. Mama akasema mtu yule ataingia mbinguni akiwa ukurasa wa mia na ishirini.

Kuazima kitabu kwake hakukuwa na malipo, kulikuwa na mtihani. Ukirudisha, unasimama mbele yake, naye anauliza swali moja tu: "Ulichoka ukurasa wa ngapi?"

Mara ya kwanza nilijibu kwa heshima zote, "Sikuchoka, Fundi. Kitabu kizuri sana."

"Rudi nacho nyumbani. Hujakisoma."

"Nimekisoma, Fundi!"

"Kila kitabu kina mahali kinapochosha, kama kila safari ya Musoma. Asiyechoka hakusafiri."

Mtu yule hungeweza kumdanganya. Zaidi ya hapo alikusoma miguuni. Soli ikilika upande wa ndani alijua unabeba mizigo kichwani. Ikilika kisigino alijua una haraka na huna pa kwenda. Siku moja nilipita na sare ya shule, nikamwamkia vizuri kabisa. Akatazama viatu vyangu, akasema, "Marahaba. Filamu ilikuwaje?" Kumbe mbele ya kibanda cha video walikuwa wamemwaga kifusi chekundu, na shuleni kwetu udongo ni mweusi. Na yeye mwenyewe, fundi wa viatu vya mtaa mzima, alivaa katambuga za tairi ambazo hazikulingana. Ya kushoto ilitoka tairi la lori, ya kulia la baiskeli. Akitembea alikuwa kama mtu anayepanda ngazi moja maisha yake yote.

Nilimjua tangu nikiwa darasa la nne, na sasa niko kidato cha tatu. Miaka yote hiyo nilimsikia akikilaani kitu kimoja: king'ora. Kabla ya kibanda alifanya kazi kiwanda cha viatu, miaka kumi na tisa, mpaka kiwanda kikafungwa, watu wakapewa karatasi na mkono wa kwaheri. Kiwandani king'ora ndicho kilichosema ingia, kula, rudi, nenda nyumbani. Fundi alisema kile king'ora kilimkaa kichwani kama funza. Alisema akikisikia tena atahama nchi. Na bado saa sita na nusu aliweka sindano chini.

Nilimwuliza siku moja, maana mdomo wangu hauna mlango. "Fundi, kiwanda kimefungwa. Kwa nini bado unakula kwa ratiba yake?"

"Kwa sababu njaa haijafungwa."

"Lakini njaa haina saa."

"Yako haina. Yako inakaa jikoni kwa mama yako siku nzima."

Sasa nije kwenye vitabu vyenyewe. Vilikuwa vitatu, hadithi moja, vya Kiswahili, vimechapwa Dar kwa ajili ya vijana. Sisi tuliviita Kengele ya kwanza, ya pili na ya tatu. Vinahusu mji wa siku zijazo uliozungushiwa ukuta, na katikati una mnara, na juu ya mnara kuna kengele. Watu wa mji ule hawafanyi kitu mpaka kengele igongwe. Kengele ya kuamka, ya kula, ya kusema, hata ya kucheka ipo, jioni, mara mbili kwa wiki. Anayeamuru anaitwa Mzee wa Mnara na hakuna aliyewahi kumwona. Sasa kuna binti anaitwa Neema amezaliwa haisikii kengele. Sauti nyingine zote anasikia, ile haisikii. Kitabu cha kwanza anagundua kwamba njaa inamjia yenyewe. Cha pili anaruka ukuta na wenzake wanane, wanakaa porini, wanafunzana kuishi bila kengele, na kitabu kinakwisha wakati Neema anarudi kuufungua mji akiwa na nyundo mgongoni.

Kinakwisha hapo! Nyundo mgongoni, mlango wa mji mbele yake, hayo basi. Nakumbuka nilikigeuza kitabu, nikakikung'uta labda kuna karatasi imebaki.

Watu wazima walipovisoma walicheka kwa namna yao. Mama, ambaye husoma polepole akifuata kwa kidole, alisoma sura mbili akanirudishia. "Huu mji naujua," akasema. "Ni ule wa foleni ya sukari." Lakini Fundi hakucheka. Kwake yeye Neema alikuwa mtu, tena jirani. Mteja akichelewa kuchukua viatu alisema, "Neema angekuwa ameshafika." Na alikuwa na hakika ya jambo moja, akalihubiri miaka mitatu tuliyokisubiri kitabu cha mwisho. Alishika nyundo yake ya kupigilia misumari, akasema: "Atapanda mnara. Atafika juu. Atainua hivi. Paa! Kengele vipande viwili." Na kiatu cha mteja kikapigwa paa, na mteja akaruka.

Miaka mitatu. Duka la vitabu la mjini, ambako tulikuwa tukienda kuuliza, siku moja tulikuta linauza redio kaseti na suruali za jinzi. Yule mzee wa duka bado alikuwepo, anakung'uta vumbi kwenye spika badala ya vitabu. Fundi akamwuliza kitabu cha tatu kimefika? Mzee akamtazama kama mtu aliyeulizwa habari za marehemu. Soko huria lilikuwa limefika kweli: kila kitu kilikuwepo, isipokuwa kile ulichokitaka.

Mwishowe kililetwa na jamaa mmoja anayefanya kazi kwenye treni. Kilifika ndani ya gunia la nazi, kimefungwa kwa kipande cha kanga. Nakala moja. Wasomaji tuliokuwa tukisubiri tulikuwa kumi na watatu, wa Mabatini, wa Buzuruga mpaka Mkolani, na Fundi wa kumi na nne.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo nadhani hakuna mtu mwingine angelifanya. Alivua miwani yake, akaiweka mfukoni. Akachukua kisu, akalitoa jalada, akafumua uzi wa kitabu kizima kwa kupapasa, kama kipofu, na akakigawa vipande saba. Alivua miwani ili asisome hata neno. Kila kipande alikitia mshono mmoja pembeni, basi, bila jalada. "Kikiwa kizima mmoja anasoma na kumi na watatu wanamchukia," alisema. "Kikiwa vipande, saba wanasoma." Unasoma cha kwanza siku mbili, unakirudisha, unachukua cha pili, cha kwanza kinakwenda kwa mwenzako. Hakuna kuruka. Hakuna kumsimulia aliye nyuma yako. Akaandika orodha kwenye kipande cha boksi.

Koku alikuwa wa kwanza. Koku ni msichana wa Buzuruga, yuko kidato chetu, amevisoma vile viwili vya mwanzo mara tatu tatu na ana ulimi unaoweza kunyoa ndevu. Mimi nilikuwa wa kumi na moja.

"Fundi, kwa nini kumi na moja?"

"Tabia."

"Na wewe mwenyewe mbona wa mwisho? Kitabu ni chako."

"Nataka nizione nyuso zenu kwanza."

Na kweli alizitazama. Mtu akirudisha kipande alimkazia macho, akasema, "Aha. Wameingia mjini," au, "Kuna mtu kafa," na yule msomaji anabana midomo asimwambie, na Fundi anafurahi kama mtoto anayetikisa zawadi akisikiliza kilicho ndani. Ila orodha yake ilikuwa chuma. Nilimpigia magoti anisogeze mbele hata kwa mtu mmoja. Nikamwambia, "Fundi, unatusomesha habari za foleni kwa kutupanga foleni. Wewe na Mzee wa Mnara mmenyonya titi moja?" Kila aliyekuwepo alicheka. Fundi akafikiri kidogo, akasema, "Mzee wa Mnara angekula wa kwanza." Akarudi kwenye soli yake.

Ndiyo hivyo, Alhamisi ile, Koku akiwa amefika kipande cha sita na Jumamosi achukue cha saba, mimi nikiwa bado nasubiri hata cha kwanza, niliinua gunia la sanduku alimoweka vipande.

Nilikisomea juu ya mawe nyuma ya nyumba yetu, pale mama anapoanika dagaa, jua likinichoma shingo. Kurasa arobaini. Nilikuwa sijui katikati kumetokea nini, lakini mwisho niliuelewa. Nilipomaliza nilikaa tu. Kisha nikaanza kutafuta pa kuficha, na hapo akili yangu, ambayo walimu wanaisifu kwa kejeli, ikanipa wazo zuri sana: karatasi ifichwe kati ya karatasi. Mama ana kapu la magazeti na madaftari ya zamani ya kufungia dagaa sokoni. Nikakitia katikati kabisa. Nani atatafuta hadithi kwenye kapu la dagaa?

Kesho yake nilirudi kutoka shule saa tisa. Kapu lilikuwa na magazeti mawili.

"Mama, zile karatasi ziko wapi?"

"Zipi?"

"Zilizokuwa humu. Zimeshonwa pembeni."

"Nimefungia. Karatasi nzuri zile, hazivuji. Umezitoa wapi? Leta nyingine."

"Mama, kile ni kitabu!"

"Kitabu kina jalada," alisema mama.

Sasa mama anamjua kila mteja wake. Akanitajia mmoja mmoja, nami nikaenda mlango kwa mlango nikiuliza karatasi iliyofungia dagaa. Kwa mwenye genge la nyanya nilipata moja, paka ameilamba mpaka herufi zimelegea. Kwa kinyozi nilipata nyingine na nusu, anazifutia wembe. Nyingine zilikuwa zimepanda basi Buzuruga kwenda Magu na nusu kilo ya mtu. Na ile ya mwisho, yenye maneno ya mwisho, ilikwenda Mkolani. Nilitembea mpaka huko kwa miguu. Baba mwenye nyumba alinisikiliza vizuri, akaniuliza ni ya nini, nikasema ya shule, akaninyooshea kidole choo kilipo.

Mtu mwenye akili angeungama siku ile. Mimi nilikaa siku tisa. Na kwa kuwa siwezi kukaa na siri bila kuichezea, nikaanza kuwapa watu miisho. Kondakta mmoja msomaji mwenzetu nilimwambia nimesikia Neema anaolewa na mtoto wa Mzee wa Mnara. Koku nikamwambia anakufa maji. Mwingine nikamwambia kumbe yote ilikuwa ndoto, akataka kunipiga.

Na Fundi? Fundi alidhani amekipoteza yeye mwenyewe. Hilo ndilo silisahau. Alitoa viatu vyote nje, akaingiza mkono ndani ya kila kimoja. Alikung'uta vitabu. Aliomba radhi kwa Koku, mtu mzima anamwomba radhi msichana wa shule: "Nisamehe mwanangu, uzee umeanza kunila." Siku ya tisa nilipita pale saa saba kasoro nikakuta hajaenda kula. Amekaa, sindano mkononi, anatazama sanduku.

Jioni yake nilikwenda na karatasi zangu mbili na nusu, nimezikunja kwenye gazeti. Koku alikuwepo. Fundi alizifungua, akavaa miwani, akaivua haraka, akazinusa.

"Hii ni dagaa."

"Ndiyo, Fundi."

"Dagaa wa mama yako."

"Ndiyo, Fundi."

"Anawakausha vizuri." Akazigeuza. "Zilizobaki?"

Nikamweleza. Choo cha Mkolani nilikiita "mahali pengine", lakini Koku alielewa, akashika kichwa.

"Ulisoma?" Fundi aliuliza.

"Nilisoma."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, Fundi. Naweza kukuambia..."

"Usimsikilize!" Koku alipiga kelele. "Fundi, huyu kaniambia mimi Neema kafa maji! Kondakta kamwambia kaolewa! Huyu hata jina lake mwenyewe ukimwuliza anakupa matatu uchague!"

Fundi aliinua mkono. Hakunipiga, hakunitukana, na ningefurahi kama angefanya moja kati ya hayo. Alisema tu, "Usiniambie. Kwako siutaki." Akachukua kile kipande cha boksi chenye orodha, akapiga mstari juu ya jina langu, polepole, kwa kalamu ya kuchorea soli.

Mama alikwenda kumwomba radhi na kopo la dagaa. Nilijificha nyuma ya mashine ya kusaga nikasikiliza. Fundi alimwambia, "Mama Magesa, kosa si lako. Nilikivua nguo, halafu nikataka watu wakiheshimu." Dagaa alipokea.

Akaandika barua Dar kuomba nakala nyingine. Majibu yalichukua miezi minne. Walisema kitabu hakipo, hakitachapwa tena, na kwamba siku hizi wanachapa kadi za harusi, kama anahitaji bei ni nafuu. Barua ile aliishona ndani ya Kengele ya pili, mwishoni. Watu waliendelea kusoma vipande sita na kukaa pale wakining'inia, na kila mmoja akipita karibu yangu alinitazama kama nilimla Neema kwa ugali.

Mwaka huohuo biashara yake ikaanza kufa. Viatu vya plastiki kutoka nje viliingia kila pembe, na kiatu cha plastiki hakishonwi, kinatupwa. Fundi aliniambia, maana baadaye alianza tena kunisemesha, si sana, kama mtu anayemtupia mbwa wa jirani mfupa: "Miguu ya watu imebadilika." Vitabu alimwachia Koku vyote. Akatangaza anarudi kwao Ukerewe, kuna mihogo.

Nilikwenda bandarini siku aliyosafiri. Jumamosi mchana, watu wamejaa, magunia, kuku, mama mmoja na godoro kichwani. Alikuwa amekalia sanduku lake la kazi karibu na ngazi ya meli ya Nansio, Ukerewe.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja kuiba meli?"

"Nzito, Fundi. Nimekuja kukuaga."

Akasogea. Nikakaa pembeni ya sanduku. Tulitazama watu wakipanda. Kisha akasema bila kunitazama:

"Haya. Niambie."

"Nikuambie nini?"

"Usinichezee, mtoto we. Kengele."

Wallahi uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, umevaa vizuri. Paa, vipande viwili. Mabatini yote ilijua anachotaka kusikia. Ulikuwa uongo rahisi kuliko wote niliowahi kupewa, na angeondoka akicheka, na nani angeniumbua? Ushahidi uko chooni Mkolani. Nilimtazama miguu, tairi la lori na tairi la baiskeli. Nikasema:

"Haivunji."

Akageuka.

"Mji umeshafunguka," nikasema. "Mzee wa Mnara hayupo, kumbe alishakufa zamani, walikuwa wanagonga kwa mazoea. Watu wako huru siku arobaini, hakuna kengele. Lakini hawajui. Mwoka mikate anaoka wakati hakuna mtu, watu wanakuja wakati hakuna mkate. Watoto hawajui saa ya kurudi nyumbani. Wazee wanalia. Wanagombana nani aseme sasa tulale. Neema anapanda mnara na nyundo, na wote wako chini wanamtazama. Anakaa juu mpaka asubuhi. Kisha anaweka nyundo chini, anaivuta kamba."

"Anaivuta."

"Mara moja."

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Haielezi kwa nini?"

"Haielezi, Fundi."

"Anaivunja baadaye."

"Hakuna baadaye. Chini kuna jina la mpiga chapa."

Fundi alisimama. Sijawahi kumwona akisimama haraka vile. "Mjinga!" alipiga kelele, na mama wa godoro akageuka na godoro lake lote. "Nyundo anayo! Nyundo si iko mkononi! Kapanda ngazi zote zile na nyundo, mjinga yule, halafu anavuta kamba! Nani alimtuma?" Akalipiga sanduku kofi. "Wanajifunza! Si angewaacha wajifunze? Siku arobaini ni nini? Siku arobaini si kitu!"

"Fundi, watu wanatazama."

Akaniangalia, na macho yake yakawa madogo. "Umetunga."

"Sijatunga."

"Umetunga, kama ulivyowatungia wenzako. Muongo mkubwa wewe."

Akainua sanduku begani. Nilitaka kumsaidia, akalivuta upande wa pili. Alipanda ngazi kwa ule mwendo wake wa kupanda ngazi, safari hii ngazi zikiwepo kweli, akapotea kati ya magunia. Hakutokea pembeni kupunga mkono. Nilisubiri mpaka meli ikawa ndogo, nikasubiri tena.

Nilirudi Mabatini kwa miguu, nikiwa na hasira na kila mtu. Mama alikuwa juu ya mawe anageuza dagaa. Nikamwambia yote, nyundo, kamba, jinsi alivyonitukana mbele ya bandari nzima. Nikamwambia kwamba nimesema kweli mara moja tangu nizaliwe, na nimepata nini? Nimeitwa muongo. Mama aligeuza dagaa wa jiwe zima kabla hajanijibu.

"Amekuamini. Angeona ni uongo wako angecheka, kama siku zote. Haya, anua dagaa, mvua hiyo inakuja."